Kundi la Maji

Tumbo lilimkata ndoo ya zege ikiwa hewani, usawa wa ghorofa ya saba, na chini yake wanaume wameinua nyuso wakiisubiri.

Mwendesha kreni alikaza mapaja, akabana pumzi, akausogeza mkono wa kushushia taratibu kama anamlaza mtoto aliyesinzia. Jasho lilimchuruzika chini ya kofia ngumu. Kibanda chake kilikuwa na vioo pande tatu na upana wa kabati la nguo. Kushuka ngazi ya mnara mpaka chini ilikuwa kazi ya mtu mwenye nguvu na subira, na yeye siku hizo vyote viwili vilikuwa vimemwishia.

"Mwewe!" redio ilikoroma. Ilikuwa sauti ya msimamizi wa jengo. "Mbona unashusha kama unaogopa? Zege linaganda hilo!"

"Linafika, mkuu."

Lilifika. Wale wanaume wakaifungua ndoo, zege likamwagika, naye papo hapo akafyatua mkanda wa kiti na kuvuta kopo tupu la rangi alilokuwa analificha nyuma ya mgongo wake. Alipomaliza hakutaka kutazama. Akatazama. Damu, kama jana. Akalifunika kopo kwa mfuniko wake, akaugandamiza kwa kiganja pande zote, akafungua kidirisha ili hewa ipite.

"Mwewe, unafanya nini huko? Nondo zinakusubiri."

"Nakuja, mkuu."

"Kimya chote hicho," msimamizi alisema, "labda anataga."

Alilisema kwenye redio ambayo jengo zima lilikuwa linaisikiliza. Kutoka kule juu kicheko hakikusikika, lakini kilionekana: kofia za njano zikitikisika, mmoja akijipiga mapaja, mwingine amekinga macho kwa kiganja akimtafuta angani. Tangu siku hiyo neno likanasa. Akipita getini asubuhi walimuuliza, "Mwewe, leo unataga mangapi?" Naye alicheka nao, maana asingecheka wangejua ni kweli.

Ugonjwa ulianza kama tumbo la kuendesha la kawaida. Zahanati ya kwanza ikasema amiba. Ya pili ikasema taifodi. Ya tatu ikasema minyoo, ya nne ikarudi kwenye amiba, na kila mahali alimeza alichopewa mpaka ulimi ukawa na ladha ya chuma. Baadaye daktari mmoja akampa vidonge vilivyomvimbisha uso na kumfanya acheke ovyo na kulia ovyo, damu ikapungua kidogo, na alipovimaliza ikarudi na wenzake. Akakonda. Watu walipoona suruali inashikiliwa na kamba wakampangia ugonjwa wao wenyewe, kimyakimya. Hakuna aliyeutaja. Lakini kazini kikombe chake cha chai kilianza kuoshwa peke yake, na nyumbani wapangaji wenzake walianza kubeba maji na sabuni yao kila walipoingia chooni baada yake.

Choo kilikuwa kimoja kwa nyumba nzima. Mama mwenye nyumba hakumwambia yeye. Alimwambia mke wake, mbele ya wanawake waliokuwa wanafua: "Mwambie mumeo choo ni cha wote. Watu wanapanga foleni kama wanasubiri mkate, kumbe mtu mmoja kahamia humo."

Mke wake alivumilia mengi. Alifua mashuka kabla hakujakucha, akaanika ndani ili majirani wasione. Siku aliyofungasha nguo zake na za binti yao hakupandisha sauti.

"Sijachoka na wewe," alisema akifunga mzigo. "Nimechoka kuomba radhi. Naamka naomba radhi, nalala naomba radhi. Wacha nikae kwa mama kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka upone, baba."

Alimwita hivyo kwa mazoea tu, kama baba wa mtoto wake. Binti alimpungia mkono kutoka kona ya njia. Hakumkumbatia, alishaambiwa asimkumbatie, na ni nani aliyemwambia, baba hakuuliza.

Wiki ileile alishindwa kujizuia na nondo zikiwa hewani. Akaziacha zinaning'inia, akashuka ngazi mbio, na katikati ya mnara mambo yakawa yameshaisha. Kazi ilisimama mpaka mtu mwingine alipopatikana wa kupanda. Msimamizi alimsubiri getini akiwa ameziba pua kwa ukosi wa shati, bila kuficha.

"Mimi nina jengo la kumaliza," alisema. "Sina wodi. Ukipona, njoo."

Basi akabaki chumbani na ndoo na redio ndogo. Alijua mdundo wa nyumba ile kwa masikio tu: nani kaamka, nani kagombana, nani kapika vitunguu. Hakuna aliyegonga mlango wake. Siku aliyotoka kwenda hospitali ya serikali alitembea kwa kufuata vyoo: cha kituo cha mafuta, cha soko, cha nyumba ya ibada, kimoja hadi kingine.

Kwenye ukuta wa hospitali palikuwa na tangazo: *Unaharisha damu kwa muda mrefu? Ongea nasi.* Mshale ulielekeza mwisho wa korido, kwenye chumba kilichopakwa rangi upya. Ndani, muuguzi mwenye nywele zilizoanza mvi alimpa kiti, akafunga mlango, akaanza kumuuliza.

"Unakwenda choo mara ngapi kwa siku? Usiku je, tumbo linakuamsha? Damu ni ya kuona kwenye karatasi tu, au inachuruzika?"

Alijibu yote.

"Unaogopa kutoka nyumbani?"

"Hilo nalo ni swali la hospitali?"

"Limo, kaka. Jibu lolote ni sawa."

Hapo akaongea. Aliongea juu ya kopo la rangi, juu ya mama mwenye nyumba, juu ya mtoto kupunga mkono toka mbali. Muuguzi aliacha kuandika, akaweka kalamu mezani, akaendelea kumsikiliza. Alipomaliza alijiona mwepesi, kisha akaona haya.

Wakampima kwa kamera, ile inayopitishwa nyuma. Daktari, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aligeuza kioo cha mashine ili naye aone. Alichoona kilikuwa kama ukuta uliokwanguliwa plasta.

"Huu ni utumbo wako mpana. Unaona wekundu huu? Hivi vyote ni vidonda."

"Ni kansa?"

"Hapana. Siyo kansa, siyo amiba, na siyo kile unachodhani watu wanakidhani. Kinga ya mwili wako imepoteza adabu, inaushambulia utumbo wako mwenyewe. Na ugonjwa huu hauambukizi."

"Rudia hapo, daktari."

"Hauambukizi."

"Naomba umpigie simu mke wangu umwambie hivyohivyo."

Daktari alicheka, akatazama saa. "Mwambie wewe."

Muuguzi ndiye aliyemsomea masharti ya utafiti wa dawa ambao hospitali ilikuwa inautafutia wagonjwa kama yeye, pole pole, akinyanyua macho kila anapomaliza ukurasa. Dawa ilikuwa mpya, ya kampuni ya nje, ya dripu. Katika sehemu ya kwanza kila mgonjwa angeipata. Wale ambao wangepata nafuu wangeingia sehemu ya pili, na huko wangegawanywa: nusu waendelee na dawa, nusu wapewe maji ya chumvi yanayofanana na dawa kwa kila kitu.

"Nani anachagua?"

"Kompyuta. Mimi sitajua, daktari hatajua, wewe hutajua."

"Kwa nini mumpe maji mtu ambaye ameshapata nafuu?"

"Ili tuone kama ni dawa inayomshikilia, au ni bahati tu. Akizidiwa, utaratibu unaruhusu arudishiwe dawa. Na unaweza kukataa, kaka. Hakuna atakayekukasirikia."

"Nikikataa kuna dawa gani nyingine?"

"Vile vidonge ulivyowahi kumeza."

"Nipe kalamu," alisema.

Walimtundikia mfuko mdogo usio na maandishi ya maana. Ukaja wa pili. Baada ya wa tatu, damu ikakoma. Asubuhi moja alikunywa chai mpaka mwisho wa kikombe, akashangaa jua limepanda na bado amekaa. Akakaa tu, akilisubiri tumbo lake kama anavyosubiriwa mgeni mkorofi aliyezoea kuingia bila hodi. Mgeni hakuja. Akatia chai nyingine.

Mwezi uliofuata suruali ilishika kiuno bila kamba. Alikwenda kwenye jengo, ambako mwendesha kreni wa muda alikuwa ameangusha bando la mabati juu ya kibanda cha walinzi. Msimamizi alimzunguka akimkagua kama anayenunua mnyama.

"Umepona kweli au umepumzika tu?"

"Nimepona, mkuu."

"Panda, basi. Na leo usitage."

Alipanda. Kule juu upepo ulikuwa uleule, kelele zilezile zikimfikia zimechoka. Saa ya mapumziko alitoa mkate, akautafuna kipande kwa kipande huku anatazama paa za mji, na hakuna kilichomkimbiza. Jioni akampigia mke wake.

"Sauti yako imerudi," mke wake alisema.

"Kwani ilikuwa wapi?"

"Sijui. Ulikuwa unaongea kama mtu aliyesimama mlangoni anataka kuondoka. Shule zikifungwa tutakuja."

Siku ya kuingia sehemu ya pili haikuwa na tofauti yoyote. Kiti kilekile, mshipa uleule wa mkono wa kushoto. Muuguzi alitundika mfuko, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba angeweza kuona kilichomo, kisha akafungua dripu. Walizungumza juu ya mvua.

Kwanza ilikuwa ute tu. Akasema ni maziwa, akaacha maziwa. Akasema ni maharage, akaacha maharage. Baadaye akaacha kula kabisa siku za kazi, ili tumbo likose la kumdai. Alijikaza kisabuni. Mke wake alipopiga alizungumza kwa furaha ya kutengeneza, akitembea huku na huku chumbani ili asionekane kama mtu aliyesimama mlangoni. Damu iliporudi, ilirudi bila haraka, kama mwenye nyumba yake.

"Mmenipa maji," alimwambia daktari.

"Hatujui. Na sisi tumefungwa macho."

"Nani anajua?"

"Kompyuta ya kampuni. Iko mbali."

"Basi ipigieni simu."

Muuguzi aliinamisha uso. Daktari hakucheka safari hii. Akaeleza kwamba lazima kamera irudiwe kwanza, ithibitike kwamba ugonjwa umerudi kweli. Kisha angeomba ruhusa ya kampuni arudishiwe dawa yenyewe. Kamera ikarudiwa. Ukuta ulikuwa umekwanguliwa tena, na sasa mpaka juu zaidi.

Ombi likaenda. Kila asubuhi, kabla kazi haijaanza, alipiga simu akiwa kibandani.

"Dada, ruhusa imekuja?"

"Bado, kaka."

"Leo nimepanda na kopo tena."

"Pole, kaka. Ningekuwa na uwezo..."

Ruhusa haikuja. Uliokuja ni ujumbe wa simu kuwaita wagonjwa wote kwenye ukumbi wa hospitali. Palikuwa na viti vya plastiki, soda, na mtu wa kupiga picha. Aliketi karibu na mlango. Daktari alisimama mbele na tabasamu la mtu aliyefaulu mtihani. Alisema kampuni imepiga hesabu ya matokeo mapema kuliko ilivyotarajiwa, na dawa imeshinda. Imeshinda wazi kiasi kwamba kuendelea na utafiti hakuna maana. Utafiti umefungwa kuanzia leo. Watu wakapiga makofi. Mwewe naye alipiga, kisha akatoka haraka kwenda chooni, na aliporudi daktari alikuwa anamsubiri koridoni.

"Sasa naruhusiwa kukuambia. Ulikuwa kundi la maji."

"Nilijua mwenyewe."

"Nataka uelewe jambo moja. Nyie wa kundi la maji ndio mliotupa jibu. Waliobaki na dawa walibaki wazima, nyie mkaumwa tena. Ile tofauti ndiyo ushahidi. Bila kuugua kwenu tusingejua kama dawa inafanya kazi."

"Inafanya kazi."

"Vizuri sana."

"Basi nipeni."

Daktari alishusha pumzi. "Ilikuwa dawa ya utafiti, na utafiti haupo tena. Ombi lako lilikuwa bado mezani kwao siku walipofunga. Kampuni itaisajili kule kwenye soko lake kwanza."

"Na hapa?"

"Hapa hawajaomba kuiuza. Nadhani wanaona hakuna wa kuinunua."

"Si mimi nipo?"

Daktari alimtazama viatu, kisha uso. "Nitakuandikia vidonge vya zamani."

"Vile vilivyonishinda?"

"Vilevile."

Mpiga picha alikuja akawaomba wasogee kwenye mwanga. Daktari alimwekea mkono begani. Picha ikapigwa.

Kazini alidumu siku chache tu. Hakuna aliyegombana naye. Asubuhi moja alikuta kijana mgeni amekwisha kupanda, na walinzi getini wakimtazama yeye kwa huruma ya juu juu. Redio ya mlinzi ilikuwa wazi kiunoni.

"Mwewe, sogeza kushoto," sauti ya msimamizi ilisema.

Na kule juu mkono wa kreni ukasogea kushoto.

Mke wake alipiga siku hiyohiyo. Shule zilikuwa zimefungwa. Binti alikuwa ameshapanga nguo zake tangu jana, akizitoa na kuzirudisha.

"Msije kwanza," alimwambia. "Nimepangiwa zamu. Sitashinda nyumbani."

"Zamu ya wapi, baba?"

"Kazini."

Alisikia kuku upande wa pili, na mtoto akiuliza kama ni baba, na kama anaweza kumsalimia.

"Umesimama wapi?" mke wake aliuliza.

"Nimekaa," alisema, akiwa amesimama.

Vidonge vilipokwisha alirudi hospitali kuchukua vingine. Kile chumba cha mwisho wa korido kilikuwa kimefungwa, tangazo limebanduliwa na kuacha alama za gundi. Mhudumu wa usafi alimwambia muuguzi yuko nyuma. Akazunguka jengo, akapita jiko, akapita kamba za kuanikia mashuka. Huko kulikuwa na tanuri la kuchomea taka za hospitali, la matofali, na bomba refu. Muuguzi alikuwa amesimama mbele yake amevaa barakoa na glavu mpaka viwikoni. Kando yake palikuwa na mwanamume mgeni, shati jeupe lenye nembo ya kampuni ya dawa, na miguuni pao makasha yaliyokuwa wazi. Ndani ya makasha chupa ndogo za kioo zilipangwa safu kwa safu, kila moja na kofia ya buluu. Nyingine zilikuwa bado na ukungu wa baridi.

"Dada," aliita. "Ni yenyewe?"

Muuguzi aligeuka. Macho tu ndiyo yaliyoonekana. "Nenda dirisha la dawa, kaka. Watakuhudumia."

"Ni yenyewe au ni maji?"

"Ni yenyewe."

"Mnaichoma?"

"Utafiti ukifungwa, iliyobaki lazima iteketezwe. Ndio utaratibu."

"Nipe moja. Nitajichoma sindano mwenyewe, hata mguuni."

"Zimehesabiwa, kaka. Kila moja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usiniombe. Nakuomba, usiniombe."

Yule mgeni aliinua kichwa. "Huyu nani?"

"Mgonjwa," muuguzi alisema. "Alikuwa kwenye utafiti."

"Oh!" Mgeni alivua glavu moja, akampa mkono, akamshika kwa nguvu na kwa heshima. "Asante sana kwa mchango wako, mzee."

Tumbo likamkata. Aliuchomoa mkono wake na kwenda nusu kwa kukimbia mpaka kwenye choo cha nje cha wagonjwa, mlango wa bati uliokuwa hatua chache tu kutoka kwenye tanuri. Akakaa. Ukuta nyuma ya mgongo wake ulikuwa na joto. Alisikia kasha likiburutwa kwenye saruji, mlango wa chuma ukifunguliwa, kisha ukifungwa.

Kwa muda hapakuwa na sauti. Halafu chupa zikaanza kupasuka. Moja. Nyingine. Kisha nyingi kwa pamoja, kama mahindi kwenye sufuria, zikatulia, zikaanza upya. Kasha la pili likaburutwa. Moshi uliingia kwa juu ya mlango, hauna harufu ya dawa wala ya kitu chochote anachokijua. Alijikunja, paji la uso likagusa magoti, akasubiri maumivu yapite na hayakupita.

Nje mtu aligonga bati. Akagonga tena, kwa hasira.

"Kuna mtu," alisema.